Andy Razaf naye atajwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Kila nikisikia redio inapiga jazi za miaka ya ishirini na thelathini, au nikisoma makala za muziki wa zamani, ni yaleyale, atatajwa Louis Armstrong na tarumbeta lake, atatajwa Fats Waller na piano yake, basi, imeisha hiyo. Yule aliyekaa chini akaandika maneno tunayoyaimba mpaka leo hatajwi kabisa. Kwa Andy Razaf mimi naona hiyo ni dhuluma.

Jina lake la kuzaliwa ni Andreamentania Paul Razafinkeriefo, na ukilisoma tu unajua limevuka bahari kutoka Madagaska. Baba yake alikuwa mpwa wa Malkia Ranavalona III wa Madagaska, akafa kwenye uvamizi wa Wafaransa mwaka 1895. Mama yake alikuwa binti mdogo wa Kimarekani mweusi, bado hata hajamaliza ujana, akakimbilia kwao Marekani na mimba, na mtoto akazaliwa Washington Desemba 1895. Babu yake mzaa mama, John Waller, alizaliwa mtumwa akaja kuwa balozi mdogo wa Marekani hukohuko Madagaska, halafu Wafaransa wakamkamata wakamfunga jela kwao Ufaransa (huyu Waller usimchanganye na Fats Waller, ni majina tu yamegongana). Sasa mtoto wa ukoo wa kifalme anakulia Harlem, mtaa wa watu weusi kule New York, anaacha shule, anafanya kazi ya kuendesha lifti, na mwaka 1913 akiwa bado hajafika hata miaka ishirini wimbo wake unaimbwa kwenye onyesho la jukwaani New York. Hadithi kama hii tungekuwa tunaisimulia watoto.

Lakini tuache ukoo, twende kwenye santuri maana ndo nilichoandikia barua. Mwaka 1929 peke yake angalia alichofanya. Kwa onyesho la Hot Chocolates alitoa maneno ya Ain't Misbehavin', muziki wa Fats Waller na Harry Brooks, na mwaka huohuo Armstrong akairekodi, Waller naye akairekodi kwa piano tupu. Kwa onyesho jingine la klabu ya Connie's Inn pale Harlem akatoa Honeysuckle Rose. Hiyo ya pili inasimuliwa kwamba Waller alishaondoka zake, Razaf akampigia simu kumuuliza muziki ulikuwaje, kumbe Waller kausahau, ikabidi Razaf ndo amkumbushe kwa kumuimbia kwenye simu! Yani mtu wa maneno ndo aliyeuokoa muziki, halafu leo tunamtaja mtu wa muziki tu.

Na kuna wimbo wa Black and Blue. Hapa naomba nikae kidogo, Mhariri. Inasimuliwa kwamba jambazi mmoja mkubwa wa New York aliyekuwa na hela zake kwenye lile onyesho la Hot Chocolates alitaka wimbo wa kuchekesha, dada mweusi analalamikia weusi wake, watu wacheke. Razaf akaandika kweli, ubeti wa mwanzo ni mwanamke mweusi tii analia kwamba wanaume wanawapenda weupe weupe, lakini akiendelea kicheko kinakufa. Kwa Kiingereza mtu akipigwa ngozi ikavilia damu wanasema amekuwa mweusi na bluu, na bluu hiyohiyo ni huzuni, kwahiyo maneno mawili tu yamebeba rangi, kipigo na majonzi kwa pamoja. Halafu anauliza kosa lake ni nini hasa. Mshairi yeyote wa kwetu anayejua kazi ya kufumba maneno atakwambia hiyo si kazi ya mtu wa kubahatisha. Kuna mstari anaodai kwamba ndani yake yeye ni mweupe, na mimi ule mstari unanichoma kila nikiusikia, siupendi, lakini naelewa ni mwaka 1929 na waliokuwa wamekaa ukumbini Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, ni Wazungu.

Armstrong alipoingia studio Julai 1929 ule ubeti wa mwanzo akauacha, akaimba kiitikio tu, na hapohapo wimbo ukaacha kuwa wa mwanamke mmoja anayelilia mapenzi ukawa wa watu weusi wote. Mwaka 1956 akaenda nao Accra, akauimba mbele ya Kwame Nkrumah na akasema ni kwa ajili yake, na filamu ipo, uso wa Nkrumah unaonekana ulivyoguswa. Wangapi wanaojua kisa hicho wanajua pia kwamba aliyeandika maneno yale ni mtoto wa Mmalagasi ambaye baba yake alikufa Waafrika wakipigania nchi yao? Mimi nilipojua nilikaa kimya muda mrefu.

Tatizo lingine, nyimbo zake nyingine zilipata umaarufu bila maneno yake kusikika kabisa. In the Mood ya Glenn Miller ya 1939 dunia nzima inaijua, ina maneno ya Razaf, lakini ile rekodi hakuna anayeimba hata neno moja. Stompin' at the Savoy vilevile, rekodi za bendi ya Chick Webb 1934 na ya Benny Goodman 1936 ni vyombo vitupu, ukitaka kusikia maneno watafute Ella Fitzgerald na Armstrong walivyoimba pamoja kwenye albamu yao ya 1957, hapo ndo utajua kumbe kulikuwa na mashairi humo ndani. Kwahiyo watangazaji nawaelewa kidogo hapo, ila kidogo tu.

Alifariki Februari 1973 huko California baada ya miaka mingi ya kupooza, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo ndo walikuwa wamemwingiza kwenye jumba la heshima la watunzi wa nyimbo kule Marekani. Mwaka 1978 Broadway wakaja na onyesho zima la nyimbo za Fats Waller, likaitwa Ain't Misbehavin', jina la wimbo ambao maneno yake ni ya Razaf, likashinda tuzo ya Tony ya maonyesho ya jukwaani, na waliotajwa zaidi unawajua.

Ninachoomba kwa gazeti lako ni kitu kimoja, mkiandika kuhusu wimbo wa zamani andikeni na jina la mtunzi wa maneno, ni mstari mmoja tu hauli nafasi. Na kama mwandishi wenu wa muziki anataka pa kuanzia, atafute Memories of You, muziki wa Eubie Blake, maneno ya Razaf, ile ya Armstrong ya Oktoba 1930 ambayo Lionel Hampton anagonga vibrafoni, ile kama marimba ya vyuma. Aisikilize mara ya kwanza kwa ajili ya Hampton kama kila mtu anavyofanya, halafu airudie kwa ajili ya maneno.

Msomaji wenu wa siku nyingi