Mwacheni mchekeshaji azungumze

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu mahojiano ya wachekeshaji, yale yanayorushwa redioni na kwenye podikasti hapa Arusha na Moshi, na yale yanayochapwa magazetini. Kazi yetu ni kurekodi mazungumzo, kuyahariri na kuyatia kwenye maandishi, na kero yetu ni moja. Mchekeshaji akialikwa, mtangazaji anamtaka achekeshe. Dakika ya kwanza tu anaambiwa, "Hebu tuvunje mbavu kidogo kaka," na hapo saa nzima imeshapotea. Anatoa kichekesho ambacho watu wamekisikia jukwaani, anakitoa bila ukumbi, mbele ya watu wawili waliovaa hedifoni. Kinaanguka. Anatoa cha pili ili kukiokoa cha kwanza. Saa inakwisha bila kusikia yale ambayo ni yeye tu angeweza kutueleza: kichekesho anakitoa wapi na anakijenga vipi, rafiki zake ni akina nani, na siku asiyokuwa na shoo anaishije.

Hasara yake ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mchekeshaji Mzee Small alifariki 2014, mwenzake King Majuto akafuata Agosti 2018. Filamu zao zipo tele mitaani na kwenye simu za watu. Mazungumzo marefu yanayoeleza waliipangaje sura, walijuaje pa kunyamaza, au nani kati ya wenzao aliwakosoa wakamsikiliza, hayo utayatafuta sana. Tukiendelea na mtindo wa "tuvunje mbavu", kizazi cha sasa nacho kitaondoka vivyo hivyo.

Tuanze na ufundi wenyewe, maana mtangazaji asiyeujua hawezi kuuulizia. Chukua sentensi hii: "Mbuzi alikuwa amelala kitandani kwa baba mkwe." Hiyo ni taarifa tu. Ipange upya: "Baba mkwe akatuambia tusipige kelele, chumbani kuna mgonjwa. Nikachungulia. Kitandani kalala mbuzi." Neno linalofungua kicheko limewekwa mwisho kabisa, na Kiswahili kinamruhusu mtenda kukaa huko mwisho bila kuonekana kachomekwa. Sasa ongeza maneno mawili: "Kitandani kalala mbuzi mmoja mweupe." Kicheko kinakosa pa kutokea, kwa sababu watu wangali wanasikiliza wakidhani kuna jambo linakuja. Mchekeshaji mzoefu anahangaika na mambo ya namna hii kila siku. Anajua kwamba "mgonjwa" lazima atajwe mapema, wala asikaziwe sauti, kwa sababu msikilizaji akishaanza kushuku, mbuzi anakuwa amefika kabla ya wakati wake. Muulize mchekeshaji kuhusu sentensi moja kama hiyo, moja tu, na atazungumza dakika ishirini bila kuombwa kuchekesha. Na katika dakika hizo ishirini atachekesha kweli.

Kwa hiyo maswali yabadilike. "Ulianzaje sanaa?", "Unakumbana na changamoto gani?" na "Una ujumbe gani kwa mashabiki?" yana majibu ambayo mgeni ameshayatoa kila alikopita, na atayatoa tena huku akiwaza mambo mengine. Swali zuri linashika kitu kimoja chenye tarehe, mahali au mtu ndani yake. Kichekesho gani umekiacha mwaka huu, na kilikuwa kinakufa katika neno lipi? Ukipata wazo ukiwa kwenye daladala unaliandika wapi, na unaandika mstari mzima au neno moja? Unamjaribishia nani kwanza? Nani akikaa kimya unajua hakuna kitu hapo? Jana kabla ya saa nne asubuhi ulifanya nini?

Kwa huku kwetu kuna eneo lenye utajiri ambalo halijaguswa ipasavyo: utani. Mchagga na Mpare ni watani, na ukumbi wa Moshi unaingia tayari ukiwa na makubaliano hayo. Kichekesho cha Mpare na kesi au cha Mchagga na hela hakihitaji utangulizi, na hakuna anayekunja uso, kwa sababu mtani huyo huyo ndiye anayekuja msibani, akakutania mbele ya jeneza na bado akashika koleo. Mtu asiye mtani akiyasema maneno yale yale, yanaweza kusikika kuwa tusi. Mchekeshaji anayefanya kazi Moshi, Arusha na Dar es Salaam analijua hili kwa uzoefu, na anarekebisha: huku anataja kabila, kule anataja mtaa, kwingine anajitania mwenyewe kwanza ili apate ruhusa ya kumtania mwingine. Mwache aeleze mpaka wake uko wapi na aliugunduaje. Sisi tunaona hapo ndipo ubunifu wa wachekeshaji wa kaskazini ulipo.

Urafiki unahitaji mpangilio wake. Mchekeshaji akiwa peke yake mbele ya maiki hubaki na sura ya jukwaani kwa robo saa ya kwanza hivi, wakati mwingine zaidi. Mlete na rafiki yake wa kazi, sura hiyo inavuka haraka, maana rafiki hatakubali uongo: "Acha hizo, siku ile hukulala." Ila msiwaulize wote wawili swali moja. Muulize mmoja kuhusu kazi ya mwenzake. Nani anaandika, nani anakata? Malipo ya shoo mnagawana vipi, na jina la kundi ni la nani? Hilo la jina si dogo. Kundi la wachekeshaji lililojulikana kwa Ze Comedy lilipohamia televisheni ya TBC lilivuma kwa jina la Orijino Komedi, na vijana wanaoanzisha vikundi leo pale Kaloleni au Majengo bado wanaungana kwa urafiki tu, bila karatasi. Mazungumzo ya kweli kuhusu hela kati ya marafiki wawili yangewasaidia kuliko semina. Kabla ya kurekodi waulizeni faragha, kila mmoja peke yake, kama wako tayari kuligusa. Mmoja akikataa, liacheni.

Nchini Marekani, mchekeshaji Marc Maron alianzisha podikasti yake mwaka 2009 na kwa muda mrefu akawa anarekodi kwenye gereji ya nyumbani kwake Los Angeles. Wageni wake wengi walikuwa wachekeshaji wenzake, baadhi yao watu waliokuwa wamekosana naye, na ugomvi huo ndio aliouulizia. Juni 2015 Barack Obama, akiwa bado Rais, alikwenda kuketi kwenye gereji hiyo hiyo. Chumba cha kawaida kinatosha, basi, ila kiwe kimeandaliwa.

Na kuandaa chumba ndiko wengi wanakoanguka. Sebule zetu zina vigae chini, jipsamu juu na vioo ukutani, sauti inadunda kila upande na mgeni anasikika kama yuko bafuni. Tandika zulia au godoro, tundika mablanketi mazito mawili nyuma ya mgeni na moja nyuma yako, na juu ya meza weka shuka iliyokunjwa mara mbili, kwa sababu mchekeshaji anazungumza na mikono na lazima atapiga meza. Zima friji. Weka funguo zako ndani ya friji hilo ili usiweze kuondoka bila kuliwasha tena. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, usirekodi chini ya bati tupu: mvua ya bati ikishaingia kwenye sauti hakuna programu itakayoitoa bila kuharibu maneno. Tafuta chumba cha chini kwenye nyumba ya ghorofa, chenye zege juu. Muziki wa kanisani au adhana ikianza, simamisheni, kunyweni chai, kisha mgeni arudie sentensi yake tangu mwanzo.

Kila mtu awe na maiki yake, aina ya dainamiki, isiyovuta kelele za chumba kizima. Iwe sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, imeelekezwa pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige moja kwa moja. Umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa mdomo na maiki yake: sentimita 15 mdomoni, basi 45 kati yao. Mkikaribiana chini ya hapo, kila maiki inabeba sauti ya mwenzake na mnasikika kama mko ndani ya pipa.

Kosa linaloharibu rekodi za wachekeshaji kuliko jingine lolote ni kupima sauti kwa maneno. Fundi anamwambia mgeni, "Hesabu moja mpaka kumi," anaweka kipimo, kisha dakika ya tano mgeni anaangua kicheko na sauti inakwaruza. Kicheko ni kikubwa mno kuliko maneno. Pima kwa kicheko: mfanye acheke kabla ya kuanza, weka kilele cha kicheko hicho karibu na desibeli 6 chini ya sifuri (sifuri ndiyo mwisho wa kipimo, sauti ikipita hapo inakwaruza), na maneno ya kawaida yakae kwenye 18 hadi 12 chini. Rekodi kila maiki kwenye njia yake, maana marafiki wawili wakicheka pamoja juu ya sentensi muhimu, utaweza kushusha cha mmoja ukaokoa maneno ya mwingine. Kifaa kiwe na betri, umeme ukikatika kiendelee. Kama mnatumia simu, iwekeni kwenye hali ya ndegeni. Simu ikipigwa inaweza kukata rekodi, na ujumbe wa muamala ukitetemesha meza unasikika wote.

Katika kuhariri, ondoa kikohozi, maneno yaliyorudiwa na sehemu mgeni aliyokuwa akijipanga. Usiguse ukimya unaofuata kicheko. Sekunde mbili tatu hizo ndipo mtu anapoamua aseme la moyoni au asiseme, na msikilizaji anaisikia kabisa hiyo hesabu. Toa faili la monofoni, yaani sauti ya njia moja, la kilobiti 64 kwa sekunde: saa nzima ni megabaiti 29 hivi, kiasi ambacho mtu wa Kiboriloni au Sombetini anaweza kukipakua bila kumaliza bando.

Kuna suala la amana. Maneno mazito hutoka mtangazaji akishasema "asante sana", mgeni akidhani mashine imezimwa. Mwambieni mwanzoni kwamba inaendelea hadi atakapowaona mkiizima kwa mkono. Na rafiki anayetajwa kwenye simulizi hayupo chumbani kujisemea. Mwisho wa mazungumzo muulizeni mgeni: kuna jina, ugonjwa au mtoto ulilotaja ambalo tuliondoe? Mpeni siku moja ya kufikiri. Hatumpi mgeni kalamu ya kuhariri mazungumzo yote, ila taarifa za mtu wa tatu ni jambo jingine, na tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa upande wa gazeti, Mhariri, mazungumzo ya saa moja yakiandikwa neno kwa neno yanaweza kufika maneno 6,000 au zaidi, na kinachochapwa kwa kawaida ni nukuu tatu na picha ya mgeni akicheka. Mwandishi achague kipande kimoja kinachojitegemea, tuseme kile cha kichekesho kilichoachwa, akichape kwa mtiririko wake, swali na jibu, bila kurukaruka. Asijaze "(anacheka)" kila mstari. Sentensi ikiwekwa sawa msomaji atacheka mwenyewe. Na chalii wa Chuga, yaani kijana wa Arusha, akisema "oyaa, maza alinimaindi", iachwe hivyo. Ikisanifiwa kuwa "mama alinikasirikia", mtu tuliyemhoji hayupo tena kwenye ukurasa.

Ombi letu ni kwamba toleo lako la Jumamosi litenge ukurasa mmoja kwa mwezi kwa mazungumzo ya aina hii, kuanzia na wachekeshaji wanaofanya kazi ya ushereheshaji Moshi na Arusha. Msimu wa Desemba, watu wanaporudi nyumbani na harusi na kipaimara zinafuatana, hawa wanasimama jukwaani karibu kila wikiendi na hawana muda. Januari wanakuwa wamepumzika, na vichekesho vilivyoanguka mwezi mzima bado wanavikumbuka kimoja kimoja. Mkiwatafuta wakati huo watakubali kukaa saa mbili.

Wako,
Warekodi na wahariri wa mazungumzo,
Arusha