Anza na bajeti, Salma

Dodoma

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi kutoka huku, na hongera sana mwenzangu. Ujumbe wako niliusoma ofisini, kisha jioni nikamsomea mama, naye akapiga kigelegele mpaka majirani wakauliza kulikoni. Mshauri wa jinsia wa Afrika Mashariki nzima! Kazi hiyo umeisotea, na mimi nafurahi zaidi kwa sababu safari hii wamempata mtu aliyewahi kukaa mkekani na akina mama akawasikiliza mpaka mwisho.

Umeniuliza uanzie wapi. Anza na bajeti. Kabla hujafungua sera ya jinsia ya shirika lako jipya, ambayo sina shaka imeandikwa vizuri, omba jedwali la bajeti ya kila mradi utakaokabidhiwa. Angalia fungu lipi lina fedha, na nani mwenye mamlaka ya kuzihamisha.

Nasema hivi kwa sababu ya mambo ya hapa. Unawakumbuka wasaidizi wetu wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, lakini mshahara hawana, wanajitolea. Mwanamke akipigwa usiku, mlango anaogonga ni wa mmoja wao. Huyo ndiye anayemsindikiza polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha, kisha hospitali, kisha polisi tena kuirudisha fomu ikiwa imejazwa na daktari, kisha ustawi wa jamii, halafu mahakamani, ambako kesi inaahirishwa na safari zinaanza upya. Kila hatua ni bodaboda kwenda na kurudi, tena mara nyingi na mtoto mgongoni kwa kuwa hakuna wa kuachiwa.

Sasa, mradi wetu uliopita ulikuwa na fungu la mafunzo hotelini, fungu la vipeperushi, na fungu la fulana na kofia za Siku 16 za Kupinga Ukatili. Nauli ya mwanamke anayefuatilia kesi yake haikuwamo. Tuliomba tupunguze fulana tuongeze nauli. Jibu lilichukua wiki nyingi, na lilipokuja lilisema shughuli hiyo haimo kwenye andiko la mradi. Wakati huo mama mmoja tuliyekuwa tukimsindikiza alikuwa ameshaiacha kesi. Ushahidi alikuwa nao, na woga ulikuwa umemtoka. Kilichomshinda ni kufika mjini kila tarehe ya mahakama. Ripoti ya mwisho ikasema tumewafikia wanawake wengi, na kweli majina yao yapo kwenye fomu za mahudhurio, safu ya KE imejaa hadi chini. Yeye mwenyewe jina lake limo, alihudhuria mafunzo.

Si mradi wetu peke yake. Nchi wafadhili zilizo chini ya OECD, jumuiya ya nchi tajiri, huupa kila mradi alama: 0 kama usawa wa kijinsia haumo kwenye malengo, 1 kama ni lengo mojawapo, 2 kama ndilo lengo kuu. Kwa miaka ya 2020 na 2021, asilimia 44 ya misaada yao ya moja kwa moja ilipata 1 au 2. Ukiisikia kwenye hotuba utaona mambo yanakwenda. Lakini yenye alama 2 ilikuwa asilimia 4 tu, na inayofika kwenye mashirika ya wanawake yenyewe haifiki hata asilimia 1. Tena alama hutolewa kwa kuangalia nia iliyoandikwa wakati mradi unabuniwa, kabla hata mtu mmoja hajafika kijijini. Kwa hiyo watakapokuonyesha miradi yao yenye 1, waombe wakuonyeshe na shilingi zake. Mradi ambao jinsia ni suala mtambuka lakini haina fungu wala mtu wa kuisimamia, mimi siuhesabu.

Na wasikwambie kwamba kuuliza habari za fedha ni kutoka nje ya mada. Ofisini kwako hapo Nairobi hutakuwa mbali na Chuo Kikuu, ambako mwaka 1985 maelfu ya wanawake wa mashirika walikusanyika wakati Margaret Kenyatta akiongoza mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Kina mama wa DAWN, mtandao wa wanawake wa nchi zinazoendelea ulioanzia India mwaka mmoja kabla, walikuja pale na hoja nzito: kuwaingiza wanawake kwenye maendeleo hakutoshi ikiwa maendeleo yenyewe yanawabebesha madeni ya nchi na kuwakatia huduma. Miaka kumi baadaye Mama Gertrude Mongella, wa kwetu Ukerewe, akawa Katibu Mkuu wa mkutano wa Beijing, na mpango uliopitishwa kule una sura nzima ya fedha. Hapa nyumbani TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, walianza mwaka 1997 kuichambua bajeti ya serikali kwa jicho la jinsia. Wote hao ni wakubwa wetu katika kazi hii, na wote walidai kuiona hesabu.

Kuna pia Mfuko wa Maendeleo wa Wanawake wa Afrika, ule wa Accra, ulioanzishwa mwaka 2000 na wanawake watatu wa bara hili, mmoja wao Hilda Tadria wa Uganda. Hao wanawapa wanawake fedha na kuwaachia nafasi ya kuamua. Wafahamu mapema, watakufaa.

Mwaka 2025 Marekani ilipositisha misaada yake na baadaye kulifunga shirika lake la misaada, USAID, wenzetu wa shirika jirani waliambiwa wasitishe kazi siku hiyohiyo. UN Women, shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake, waliyauliza mashirika ya wanawake yaliyo kwenye maeneo yenye majanga, na karibu nusu yakasema yanaweza kufunga milango ndani ya miezi sita. Huku kwetu wasaidizi wa kisheria hawakuacha kugongewa mlango. Unajua nani alilipa nauli? Kikundi cha vikoba. Kila wanapokutana, baada ya kununua hisa, kila mwanachama huweka shilingi mia tano kwenye mfuko wa jamii, wa misiba na magonjwa. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa akina mama watatu. Siku moja nikiwapo walizifungua zote, wakahesabu, wakampa binti wa watu nauli ya kwenda na kurudi pamoja na ya anayemsindikiza. Hawakujadiliana hata dakika tano.

Wapo watakaokusimulia habari kama hiyo kwa furaha, kwamba akina mama ni wastahimilivu. Usiwakubalie, Salma. Ile ilikuwa fedha ya misiba yao. Ninawaheshimu kupita kiasi, na ninaumia kwamba walilipa kile ambacho mradi mzima wa kupinga ukatili ulikataa kulipa.

Jambo jingine ni lako binafsi. Uliza mapema kama una sahihi kwenye bajeti au unaombwa maoni tu, na mkataba wako ni wa muda gani. Nimeona wataalamu wa jinsia wazuri sana wakipewa mkataba wa mwaka, na wakishika mimba mkataba hauhuishwi. Ukipewa nafasi ya kushauri bila ya kuamua, idai na ya kuamua ukiwa bado mgeni. Ukishazoeleka itakuwa vigumu.

Mwezi wa tatu tunapeleka andiko jipya kwa mfadhili. Nimeweka fungu la nauli na chakula kwa anayefuatilia kesi na msindikizaji wake, na posho ya kila mwezi kwa wasaidizi wa kisheria, fulana nimeziondoa. Nakutumia jedwali pamoja na barua hii. Naomba ulisome kama watakavyolisoma wao, uniandikie kila sababu wanayoweza kuitoa kulikata fungu hilo, ili nijibu kabla hawajauliza. Ukiweza kabla ya mwisho wa mwezi nitashukuru.

Mama anakusalimu.

Wako,
Neema