Barua ya wazi kwa Kamishna wa Polisi Zanzibar: mwenye sura aone kwanza

Mheshimiwa Kamishna,

Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Wete, Pemba. Nakuandikia kuhusu kamera za kifuani za askari, lakini niruhusu nianze na kamera ya duka.

Mpwa wangu wa miaka tisa aligongwa na honda akitoka chuoni, kusoma Qur-ani, na aliyemgonga hakusimama. Mlangoni mwa duka la karibu pana kamera. Jioni ile ile mimi na baba yake tulikwenda kuomba tuoneshwe namba ya honda tu. Kijana wa dukani akatujibu, kwa adabu, kwamba tajiri yake yuko Unguja na picha hazioneshwi watu. Kesho yake tukaambiwa zimeshafutika. Siku ya nne nimekaa barazani, simu ikalia: kundi la harusi, watu mia mbili na kitu, na picha ndiyo ile. Dada yangu amepiga magoti barabarani, kichwa wazi, mtandio ameuvua kumfunga mtoto mguu. Kipande chenye namba ya honda kimekatwa. Aliyekikata alitaka kilio tu.

Wenye mtoto tulinyimwa, na wasioomba wakaletewa mpaka mkononi.

Hiyo ni kamera inayotazama barabara. Ya kifuani huingia anapoingia askari: ukumbini, uani, chumbani mwa mke na mume waliogombana hadi jirani akapiga simu polisi. Chuoni tulifunzwa kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuvuka kizingiti, ili aliye ndani apate kujisitiri. Usiku wa tukio hakuna anayepewa nafasi hiyo, na sisemi askari asubiri mtu avae baibui ndipo azuie kisu. Nauliza picha zile zitalala wapi, na nani ana ufunguo.

Wapo watakaosema basi zifungiwe zote. Mimi simo. Kule Chicago, tarehe 20 Oktoba 2014, askari alimpiga risasi 16 kijana wa miaka 17, Laquan McDonald. Polisi walieleza kwamba kijana alikuwa akiwaendea na kisu. Kamera ya gari la polisi ilionesha akiwaepuka. Ilichukua miezi 13 na amri ya mahakama mpaka watu wakaiona, na siku ile ile ilipotolewa askari yule akafunguliwa mashtaka ya mauaji. Baadaye mji ukajiwekea siku 60 za kutoa picha za matukio ya namna hiyo. Ingetegemea hiari ya wakubwa, picha ile ingekuwa imelala hadi leo.

Kwetu sheria zinanichanganya kidogo. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzipata taarifa zinazomhusu, ingawa upelelezi umeachiwa mwanya wake. Ile ya 2016 ya kupata taarifa za serikali ni ya Bara. Polisi ni jambo la Muungano, askari wa Wete na wa Mwanza wana mkuu mmoja wa polisi, IGP, lakini raia wa Mwanza ana sheria ya kushika mkononi ambayo mimi siwezi kuishika.

Kwa hiyo naomba utaratibu uandikwe na ubandikwe kituoni na kwa sheha. Aliyerikodiwa, au mzazi wake, au warithi wake, aone kwanza, kituoni kwake, ndani ya siku saba. Asilazimike mtu wa Micheweni kupanda boti kwenda Ziwani, makao makuu ya polisi Unguja, kutazama dakika mbili za maisha yake mwenyewe. Sura za wengine zifichwe. Akiuawa au kujeruhiwa mtu mkononi mwa polisi, picha zitoke kwa umma kwa muda uliotajwa, hata kama zinauma, ila mambo ya ndani ya nyumba yazibwe. Ugomvi wa mke na mume usitoke kabisa, labda mwenyewe atake.

Na kila anayefungua picha, jina lake na saa vibaki kwenye mtambo. Hili nalisisitiza kuliko yote. Tulipouliza nani aliitoa ile ya dukani, kila mtu alisema ametumiwa.

Dada yangu hajaitazama mpaka leo. Mtoto anaijua, wenzake wa skuli walimuonesha.

Wabillahi tawfiq,

Mwalimu mstaafu, Wete, Pemba