Barua ya wazi kwa Afisa Kilimo: Mizabibu ya Ufaransa tumeiona, miche yetu iko wapi?

Ndugu Afisa Kilimo,

Salaam. Ahsante kwa semina ya wiki iliyopita, na soda ilikuwa baridi kweli. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za mkononi ofisini kwako hazijibiwi.

Ulitufundisha kwamba kule Bordeaux, Ufaransa, joto linaivisha zabibu za Merlot mapema mno, sukari inapanda, uchachu unashuka, mvinyo unazidi kilevi. Basi mwaka 2021 mamlaka yao ikaruhusu aina 6 mpya, ikiwemo Touriga Nacional ya Ureno iliyozoea jua. Wengine wanaacha majani yafunike vichala, wengine wanavuna usiku. Hewala, somo zuri. Ila ulipitiliza jambo moja: mkulima yule hakuachwa abahatishe. Tangu 2009 watafiti wao wana shamba la majaribio lenye aina 52, wanaangalia ipi inahimili.

Sasa njoo kwetu. Vuli inadondosha mvua ya siku mbili tatu, michungwa inadanganyika, inachanua, kisha jua linarudi na maua yote chini. Wapo wanaosema ni laana. Mimi nahisi hata misitu ya milimani iliyogeuzwa mkaa imechangia. Machungwa machache yanayoshika, dalali anayanunua yakiwa bado mtini, kwa bei aitakayo yeye, nami nakubali kwa kuwa ada ya shule haisubiri mavuno.

Uliahidi miche iliyobebeshwa juu ya shina la mlimao linalostahimili ukame. Uliahidi mbele ya diwani, tukakupigia makofi. Masika yamepita, vuli nayo imepita, kitalu kimeota magugu. Bwana shamba wetu akahamishwa, na hadi leo hajaja mwingine. Tumebaki na vipeperushi. Kimoja kinatuhimiza tumwagilie kwa matone. Maji yapi, ndugu yangu, wakati akina mama wanapanga ndoo kisimani toka alfajiri?

Sikuombi Touriga Nacional. Wala safari ya Ufaransa siiombi, hiyo mtaenda wenyewe kama kawaida yenu. Naomba miche uliyoahidi. Na kama miche ni mzigo mkubwa, basi bwana shamba. Mmoja tu, mwenye pikipiki yenye mafuta, afike kabla masika hayajaanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa machungwa, Tanga