Marumaru za makaburini na thamani ya mtu mbele za Mungu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu jambo lililoota mizizi katika misiba yetu huku Rungwe, nalo ni desturi ya kupima heshima ya marehemu kwa vitu vinavyoonekana: urefu wa wasifu wake, sare za waombolezaji na, zaidi ya yote, marumaru zinazofunika kaburi lake. Mimi ni mzee wa kanisa katika ushirika mmoja wa Moravian jirani na Tukuyu. Ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyatenda mwenyewe.

Mwaka jana tulizika watu wawili katika juma moja. Wa kwanza alikuwa mstaafu aliyewahi kushika vyeo, na wasifu wake ulisomwa kwa karibu nusu saa, kuanzia shule alizosoma hadi safari alizofanya, kisha waliotoa rambirambi wakatajwa kwa majina na kwa viwango mbele ya jeneza. Wa pili alikuwa bibi mjane aliyeishi kwa kuchuma chai katika mashamba ya watu. Wasifu wake ulikuwa na mistari minne: alizaliwa, aliolewa, alijaliwa watoto saba, aliugua. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la wazee, nikijua kwamba kwa miaka mingi mama huyo ndiye aliyetangulia kufika katika kila msiba wa kitongoji chetu, akateka maji, akakaa na wafiwa mpaka matanga yakaisha na watu wote wakarudi makwao. Nikijua pia kwamba alilea watoto wawili wa jirani aliyefariki, ambao hawakuwa wa ukoo wake. Hayo hayakuandikwa, kwa sababu tumezoea kuuliza elimu, kazi na vyeo, na baada ya hapo hatuna swali jingine. Nami sikusimama kuyasema. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anawakemea Wakristo waliomkaribisha mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri huku wakimwambia maskini asimame kando. Sisi tumelizidisha kosa hilo, maana tunawabagua hata waliokwisha kufa.

Wala hatuwezi kusema kwamba tumeyarithi haya kwa waliotuletea Injili. Wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa ambalo makaburi yake huko Herrnhut, Ujerumani, huitwa Shamba la Mungu. Mawe ya hapo hulazwa chini yakiwa na ukubwa unaolingana, na watu hawazikwi kwa koo wala kwa mali, bali kila mmoja hulazwa kando ya yule aliyetangulia kufa. Huko Bethlehem, Pennsylvania, nchini Marekani, ambako mazishi ya namna hiyo yalianza mwaka 1742, wenyeji asilia waliobatizwa wamelala bega kwa bega na Wazungu. Ni kweli kwamba pale Herrnhut makaburi ya familia ya Zinzendorf, mkabaila aliyewapa waumini hao ardhi, yameinuliwa kuliko mengine, na naona ni haki kulitaja hilo, kwa kuwa majaribu haya si ya Wanyakyusa peke yetu. Lakini watu wa kwanza ambao kanisa hilo liliwatuma ng'ambo kuhubiri, mwaka 1732, walikuwa mfinyanzi na seremala.

Baba yangu alipofariki, niliuza ng'ombe wa maziwa na kukopa kwenye kikoba ili nimjengee kaburi la marumaru nyeupe, kwa sababu jirani yetu alikuwa amemjengea baba yake la namna hiyo. Mwaka huohuo mdogo wangu alirudishwa nyumbani kutoka sekondari kwa kukosa ada. Nilijiambia kwamba ninamheshimu mzazi, ilhali kwa kweli niliogopa watu watasemaje wakipita barabarani. Bwana Yesu alipotuonya tusijiwekee hazina duniani, alitaja nondo na kutu. Huku kwetu kwenye mvua nyingi, kazi hiyo hufanywa na kuvu na mizizi ya migomba. Marumaru zile zimekwisha kubanduka upande mmoja.

Sipingi kuwaheshimu wazazi wetu, wala kaburi kutunzwa na kupaliliwa. Ninachoomba ni kwamba wachungaji na wazee wenzangu, kila mmoja katika ushirika wake, wakubaliane juu ya mambo mawili: viwango vya rambirambi visitangazwe tena, na kabla ya wasifu kuandikwa, wafiwa waulizwe marehemu alimsaidia nani, alimsamehe nani na aliomba pamoja na nani. Bwana hutazama moyo, kama Samweli alivyoambiwa nyumbani kwa Yese alipokuwa tayari kumpaka mafuta yule mrefu wa kimo, nasi tunaweza walau kuanza kuuliza maswali yanayoelekea huko.

Kwa upande wangu, nimewaambia watoto wangu wanilalishe chini ya jiwe moja la bapa lenye jina na miaka, na fedha ya marumaru ilipie ada ya mjukuu wa yule mama mchuma chai. Mke wangu amekubali. Mwanangu mkubwa bado anaona nitamwaibisha mbele za watu, nasi tunaendelea kuzungumza.

Mzee wa Kanisa,
Tukuyu, Mbeya