Mafundi watutajie gharama kamili ya mkanda wa taimingi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie gharama ya kubadilisha mkanda wa taimingi wa gari, ambayo katika gereji nyingi hutajwa nusunusu, na kwa sababu hiyo inawatia hasara kubwa wamiliki wa magari yaliyotumika kutoka Japani, mimi nikiwa mmoja wao.

Mkanda huu, ambao mafundi wetu huuita taimingi belti, ndio unaoifanya kamshafti (mhimili unaofungua valvu) izunguke kwa kufuatana na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ili valvu, yaani vilango vya kuingizia hewa na kutolea moshi, zifunguke na kujifunga kwa wakati wake. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 25 katika sekunde moja, na mpangilio wote huo unashikiliwa na meno ya mkanda wa mpira. Yapo magari yasiyohusika na barua hii, kwa mfano Toyota IST na Vitz zenye injini ya 1NZ, kwa kuwa zinatumia mnyororo. Zipo pia injini kama 5A-FE ya Corolla za zamani, ambazo mkanda ukikatika gari huzimika tu na ukifungwa mwingine linawaka. Lakini katika injini nyingi, ikiwemo EJ20 ya Subaru Forester niliyonayo, mkanda ukikatika au ukiruka meno, pistoni hupanda na kuzigonga valvu zilizobaki wazi, na hapo mwenye gari anakuwa na deni la injini nzima.

Nililinunua gari hilo mwaka 2021. Chini ya boneti palikuwa na stika ya gereji ya Japani iliyoandikwa mwaka wa 20 pamoja na kilomita ambazo mkanda ulibadilishwa, na dalali alinihakikishia kwamba maana yake ni mwaka 2020, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi kwa miaka mingi. Nilimwamini. Baadaye sana, kijana mmoja aliyewahi kusoma Japani alinieleza kwamba stika nyingi za kule huandikwa kwa miaka ya utawala wa mfalme, na kwamba mwaka wa 20 wa enzi ya Heisei, iliyoanza 1989, ni mwaka 2008. Yaani mkanda niliodhani una umri wa mwaka mmoja ulikuwa na miaka 13, na mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, hasa ukipata joto au mafuta yanayovuja kwenye sili (vizuizi vya mafuta) za kamshafti. Kule Japani kwenyewe desturi ni kuubadilisha gari linapokaribia kilomita 100,000, na wapo wanaoamua kuuza gari badala ya kuingia gharama hiyo. Mnunuzi wa huku kwetu anapaswa kulijua jambo hilo kabla hajatoa fedha yake.

Mwaka 2023 nilipeleka gari katika gereji moja hapa Morogoro, ambayo sitaitaja jina, baada ya kusikia mlio mbele ya injini. Fundi alifungua kifuniko, akanionyesha mkanda uliochanika pembeni, akaniambia mkanda ni shilingi 60,000 na ufundi ni 50,000. Nililipa 110,000 siku hiyohiyo na kuondoka nikiwa nimeridhika. Hakuna aliyeniambia kwamba mkanda wa injini hii hupita kwenye rola kadhaa, yaani magurudumu madogo ya kuuongoza, zenye beringi, kwamba una tenshena inayoukaza, kwamba wota pampu, yaani pampu ya maji ya kupozea injini, nayo inazungushwa na mkanda huohuo, na kwamba vyote hivyo vilikuwa na umri uleule wa mkanda uliotupwa.

Miezi minane baadaye, nikielekea Dodoma, gari lilizimika ghafla kabla ya kufika Gairo. Fundi wa pili, aliyelifungua baada ya kukokotwa kurudi Morogoro, aliushika ule mkanda mkononi akaniambia: “Mwalimu, mkanda wako hauna kosa, ni mpya kabisa.” Kilichoua injini ni beringi ya rola moja, iliyokauka mafuta, ikakwama, mkanda ukaruka meno. Valvu 11 kati ya 16 zilikuwa zimepinda. Nililipa shilingi 250,000 za kukokotwa na 1,900,000 za matengenezo, na katika hizo 1,900,000 ilikuwemo seti kamili ya mkanda, yaani mkanda wenyewe, rola, tenshena, wota pampu na sili, kwa shilingi 480,000. Kama ningeelezwa mapema, seti hiyo pamoja na ufundi wa 150,000 ingenigharimu 630,000. Ni fedha nyingi kwa mstaafu, nakiri, lakini ningezitafuta.

Nimeandika takwimu hizi za mfukoni mwangu kwa sababu naamini tatizo linaanzia kwenye swali tunalouliza na jibu tunalopewa. Mteja anauliza, “Mkanda bei gani?” na fundi anajibu bei ya mkanda. Mafundi kadhaa niliozungumza nao wananieleza kwamba wakitaja gharama ya kazi nzima, mteja huondoka na kwenda kwa jirani atakayemtajia ndogo, na siwezi kusema wanasema uongo, maana huenda nami ningeondoka. Lakini fundi ndiye anayejua kilicho nyuma ya kile kifuniko, na kazi kubwa katika shughuli hii ni kufungua na kufunga. Ukishafika kwenye mkanda, kubadilisha rola au wota pampu ni kazi ndogo ya nyongeza, ilhali kurudi tena baada ya miezi sita kwa sababu wota pampu inavuja ni kulipa ufundi wote mara ya pili na pengine kutupa mkanda ulioloa.

Ombi langu kwa wenye gereji ni kwamba, kabla ya kufungua boliti ya kwanza, wampe mteja karatasi yenye orodha ya kila kipuri kinachohusika, bei yake, na gharama ya ufundi, hata kama mteja mwenyewe ameulizia mkanda tu. Akichagua kuacha rola au tenshena, iandikwe kwamba ameacha, na aweke saini. Vipuri vilivyotolewa akabidhiwe, ili aone kwa macho yake na ajue vimebadilishwa kweli. VETA, ambayo inawafundisha vijana wetu ufundi wa magari na kuwatambua wale waliojifunzia kazini, ingefanya jambo jema sana kulifanya zoezi la kuandika makadirio kuwa sehemu ya mafunzo hayo, kwa uzito uleule wa kulinganisha alama za taimingi wakati wa kufunga mkanda.

Kuhusu vipuri bandia, sitaandika mengi. Nimeona Gerezani, Kariakoo, maboksi ya chapa ileile yakiuzwa kwa bei tatu tofauti katika maduka yanayotazamana, na mnunuzi wa kawaida hana namna ya kutofautisha. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kisheria juu ya bidhaa bandia, na naiomba izitazame rola na tenshena kwa jicho lilelile inalotazama bidhaa nyingine, kwa kuwa rola mbovu ya bei ndogo inaweza kumwacha mtu na familia yake katikati ya barabara kuu usiku.

Kwa wauzaji wa magari nina ombi moja tu. Stika ya mkanda iliyo chini ya boneti isomwe na kutafsiriwa kwa usahihi, mwaka wa Kijapani ukiandikwa kwa mwaka tunaoutumia sisi, na mnunuzi apewe maelezo hayo pamoja na kadi ya gari. Kama stika haipo, aambiwe waziwazi kwamba haipo, ili aitenge fedha ya seti nzima siku anayolipia gari.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro