Barua kwa binti yangu, fundi wa skini

Busia

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, na goti la bibi limetulia tangu mvua zipungue. Shangazi yako ananiambia kuwa tangu umalize mitihani ya S4, kidato cha nne, unashinda umeinamia simu, akataka nikukanye. Nimemjibu kwamba nitakuandikia, lakini si kwa kukukanya. Ile skini uliyonitumia, yaani ngozi na nguo za kumvika mhusika wa gemu, nimeitazama sana, na ninayo ya kukuambia juu yake, fundi kwa fundi.

Kwanza hongera. Kijana wa jirani anayecheza Minecraft aliiingiza kwenye gemu lake hapa barazani kwangu, na wote tuliokuwepo tukamwona mwanamke aliyevaa gomesi, lile vazi refu la akina mama wa Uganda, akitembea kwenye zile nyasi za miraba. Shingo ya nguo ni ya mraba kama inavyotakiwa. Mkanda umekaa kwenye nyonga, si kiunoni kama wanavyoukosea wachoraji wengi. Mteja mmoja aliyekuja kupimwa alisahau kilichomleta, akabaki kuuliza nani amechora. Nikasema ni binti yangu, kwa simu, kwa kidole.

Uliponieleza kwamba mwili mzima wa mhusika hutandazwa kwenye mraba wa pikseli, yaani vidoti vya rangi, 64 kwa 64, nilielewa papo hapo. Huo ni mkato. Hivyo ndivyo ninavyotandaza kitambaa mezani: mbele, mgongo, mbavu, mikono, kila kipande mahali pake, na nguo bado haipo. Inakuwepo vipande vinapokutana. Basi ngoja nikuonyeshe panapokutana vibaya.

Anza na vifungo. Gomesi hufungwa kwa vifungo viwili upande wa kushoto wa mvaaji. Wewe umeviweka kushoto kwa anayetazama skrini, na mhusika akitugeukia, kushoto kwetu ni kulia kwake. Hata wanagenzi wangu hupotea hapo wakikata nguo kwa kuangalia picha badala ya mtu. Vihamishe. Ni pikseli mbili tu, lakini mwanamke yeyote wa huku ataziona kabla ya kuona rangi ya nguo.

Sasa mkanda. Kwenye mkato wa kiwiliwili, ukianzia kushoto, kuna ubavu wa kulia wenye pikseli nne, kisha kifua pikseli nane, ubavu wa kushoto nne, halafu mgongo nane. Mzunguko wote ni pikseli 24. Mgongo na ubavu wa kulia viko ncha mbili za mkato, kwa hiyo ukichora huvioni pamoja, ila mwilini vinagusana. Hapo ndipo mkanda wako umekatika: mgongoni umeshuka mstari mmoja chini ya ule wa ubavuni. Hesabu mistari kutoka begani kwa kila upande, usiyaamini macho. Kiwiliwili kina mistari 12, na mkanda ukiwa wa 11 mbele, uwe wa 11 kila mahali.

Lililonikera zaidi ni miguu. Gomesi hufika chini, na mwili wa gemu una miguu miwili tu, hauna sketi. Akisimama ni sawa. Akitembea miguu inaachana, na pale katikati, upande wa ndani wa kila mguu, umeacha rangi ya ngozi. Nguo yote inaonekana imepasuliwa kutoka juu hadi chini. Mama yako aligeuza uso. Jaza pande za ndani kwa kitambaa kilekile, ila kiwe cheusi kidogo, maana huko mwanga haufiki. Usisahau na sehemu ya juu ya mabega, na chini ya nyayo. Wanaochora harakaharaka hupaka mbele na nyuma wakaita kazi imekwisha. Mimi nguo ya mtu huanza kuikagua kwapani.

Bega lililochongoka ndilo gumu, na ninajua limekusumbua. Huwezi kuongeza kitambaa, kwa sababu umbo la mkono halibadiliki, na lile tabaka la nje hutokeza kidogo mno. Basi bega lichongoke kwa mwanga. Upande wa juu wa mkono weka rangi angavu kuliko zote, mistari miwili inayofuata rangi ya kawaida ya nguo, kisha mstari mmoja wa giza pale mkono mfupi wa gomesi unapoishia. Jicho litaona ncha isiyokuwepo. Na ningekushauri uache ule mkono mwembamba wa pikseli tatu uchukue ule wa pikseli nne. Gomesi inataka nafasi begani.

Nimesoma kwamba kabla ya 2014 skini zilikuwa 64 kwa 32 tu, na mkono wa kushoto ulinakili ule wa kulia. Wewe umepewa mikono miwili iliyo tofauti, halafu umeichora sawasawa! Mvishe bangili mkono mmoja.

Rangi ya ngozi umeipatia vizuri kuliko wengi. Hukuchukua kahawia moja ukaitia nyeusi kupata kivuli. Kivuli chako kina wekundu ndani yake, na ngozi zetu ndivyo zilivyo zikipigwa na jua la mchana. Mwaka 2022 Minecraft iliongeza wahusika saba wa kuanzia nao, wakiwemo Zuri na Makena, nikafurahi kusikia. Lakini gomesi hakuna atakayekuletea tayari. Kanzu ya Uganda yenye nakshi za rangi ya damu ya mzee kutoka kolani hadi tumboni, hiyo nayo hakuna. Lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho ufundi wa kukitengeneza UNESCO imeuweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu 2008, nacho kinasubiri mtu wa kukichora ipasavyo: si kahawia tupu, kina mabaka na mistari ya nyundo. Kabla ya kukichora, nenda ukakishike. Sokoni kwa wauza kazi za mikono hawakukatazi kugusa.

Kuhusu simu yenyewe nina machache. Kidole hufunika pikseli unayotaka kuipaka, kwa hiyo vuta picha hadi kila pikseli iwe kubwa kuliko ncha ya kidole, na brashi iwe ya pikseli moja isiyolainisha kingo. Hifadhi kama faili la PNG. Ile ya kwanza uliyonitumia WhatsApp kama picha ilifika imefifia, na sehemu zilizotakiwa kuwa wazi zimejazwa rangi. Uliporudia kwa kuituma kama faili ikafika salama. Wafundishe na wenzako hivyo. Usiniambie bando limeisha, kwa sababu skini moja haifiki hata kilobaiti 20. Weka nakala kwenye kadi ya kumbukumbu na nyingine kwenye barua pepe yako, maana simu huibiwa kwenye teksi na kazi ya miezi ikaenda nayo.

Ukitaka kujua rangi zako ni za kweli, zitazame kwenye simu ya mtu mwingine, kivulini, mwanga wa skrini ukiwa wa kati. Kila skrini ina uongo wake.

Umeniambia kuna watu wanaotaka uwachoree kwa pesa. Vizuri, kazi ni kazi. Patana bei kabla ya kuanza, pokea nusu, na malipo yapitie namba ya shangazi yako. Mtu usiyemjua akitaka picha yako, au jina la shule, huyo si mteja, mzuie na utuambie. Na usichukue kazi ya mwenzako ukabadilisha rangi ya mkanda ukaita yako. Najua skini nyingi hupakuliwa bure na hakuna wa kukushika. Bado ni nguo ya mtu.

Yako wewe itie alama. Kwenye mkato wako, kona ya juu kushoto, kuna mraba wa pikseli nane kwa nane ambao haugusi mwili popote. Andika herufi zako hapo. Anayecheza hataziona, ila atakayefungua faili atajua nani alishona. Gomesi lenyewe limebeba jina la fundi, Mgoa aliyeitwa Gomes, zaidi ya miaka mia sasa, na wanaolivaa harusini wengi hawamjui.

Namkatia shangazi yako mkubwa gomesi ya kwanjula, sherehe ya kutambulishana kabla ya harusi, hariri ya kijani yenye maua ya dhahabu. Kesho nitakupigia picha ya kitambaa mlangoni, mchana, kikiwa kimekunjwa na kikiwa kimetandazwa, uone maua yanavyovunjika kwenye mikunjo. Mchoree yake avae siku hiyo kwenye simu za wajukuu. Maua yasizidi pikseli mbili mbili, la sivyo yatameza vifungo. Na vifungo, mwanangu, kushoto kwake.

Nimekutumia kidogo kwa mobile money ununue ile kalamu ya skrini. Mwambie shangazi nimeshakuandikia.

Baba yako